Mguu Uliojua Kaburi

Jumapili, 6 Juni 1982

Daftari hili nilimnunulia mwanangu Zita kwa ajili ya hesabu. Lakini Zita yuko Bashay kwa bibi yake, na bibi yake hana haraka ya kumrudisha, basi nitaliandika mimi. Mafuta ya taa hayajaonekana dukani tangu Pasaka, kwa hiyo nitaandika mchana nikisubiri maharage yaive. Mimi ni Efrazia, mpishi wa bwalo la shamba la ngano, mke wa Basili dereva. Nimeliweka jina ili ijulikane ni nani aliyekuwa akilalamika.

Leo wamefungua mavuno. Ng'ombe alichinjwa mbele ya karakana, na meneja akahutubia mpaka mafuta yakaganda juu ya nyama. Basili ndiye anayeendesha kombaini ya kwanza, basi wakampa figo zote mbili, na ndoo ya pombe wakamwekea miguuni ashirikiane na wenzake. Wenzake hawakupata nyingi. Nilimtania kwamba kombaini inakula ekari chache kuliko yeye. Akacheka hadi akakohoa.

Ngano imeiva mpaka pale macho yanaposhindwa. Mimi nimekulia milimani, ambako ukifungua mlango unaona zizi la jirani na moshi wa jirani, na unajua nani kachelewa kuamka. Hapa hakuna kitu cha kuzuia macho isipokuwa mlima Hanang. Upepo ukipita juu ya ngano unasikika kama watu wengi wanaonong'ona kanisani kabla padri hajaingia. Mwaka wa pili huu nimeshindwa kuuzoea.

Jumatatu, 7 Juni

Kuna mzee amekaa chini ukingoni mwa shamba, upande wa mlima. Amejifunika shuka kichwani, hata masikio hayaonekani. Asubuhi alikuwapo. Jioni alikuwapo, hajageuka.

Jumanne, 8 Juni

Basili alilala mzima. Kabla ya kuku kuwika aliniamsha kwa mlio ambao sikujua ni wake. Nilidhani mbwa kagongwa na trekta. Dole gumba la mguu wa kulia limevimba penye shina lake, limekuwa jekundu na linang'aa kama nyanya, na lina joto unalolisikia kabla hujaligusa. Shuka likimgusa anapiga kelele. Mlango ukifunguliwa, upepo unamuuma. Nilipokwenda kuchukua maji aliniambia, "Usitembee, Mama Zita. Sakafu inatikisika."

Sakafu yetu ni ya saruji. Nilivua viatu, nikatembea kama mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Nikamuuliza kama amejikwaa. Hakujikwaa. Kama ameumwa na nge. Hapana. Alikuwa usingizini, anasema, akasikia mtu amemshika dole kwa mkono wa moto, na hakumwachia.

Jumatano, 9 Juni

Tadei wa zahanati amekuja na sindano ya penisilini. Tadei ni mtu mwema mwenye dawa moja. Amesema ni jipu la ndani. Kombaini ameipanda dereva mwingine.

Ijumaa, 11 Juni

Leo Basili amenieleza jambo alilolificha tangu Februari.

Walikuwa wakilima shamba jipya upande wa mlima. Mbele yake kulikuwa na tuta la duara, kubwa, lenye miti imechomekwa kulizunguka. Kila mtu huku anajua lile ni nini. Wabarbaig, wafugaji wenyeji wa uwanda huu, wakimzika mzee waliyemheshimu, humjengea tuta la udongo na samadi kwa miezi mingi, kisha huliacha liwe lake. Basili alisimamisha trekta. Msimamizi akaja na gari lake akasema mistari ni lazima inyooke. Basili akaunyoosha mstari.

"Mwenyewe alikuwa amesimama pale," akaniambia. "Mtoto wa yule aliyezikwa. Anaitwa Gidabuday. Hakupiga kelele, Mama Zita. Afadhali angenipiga hata jiwe."

Wiki chache baadaye dole lilimuuma mara ya kwanza. Kwangu alisingizia kiatu.

Nikamuuliza huyo Gidabuday yuko wapi sasa. Akaelekeza kidevu dirishani. Sikuhitaji kwenda kuangalia.

Jumatatu, 14 Juni

Amepona. Si kwamba ana nafuu, amepona kabisa. Uvimbe umekwenda, ngozi ya dole imebanduka kama ya nyoka, na chini yake kuna ngozi mpya. Amevaa buti akaenda kazini anapiga mluzi. Ugonjwa ninaoujua mimi huaga polepole, unasahau kitu mlangoni na kurudi kukichukua. Huu umeondoka kama mtu aliyeitwa. Nimeogopa zaidi kuliko siku alipokuwa analia.

Ijumaa, 18 Juni

Chumvi imekwisha bwaloni. Mzee yupo.

Jumamosi, 26 Juni

Shemeji yangu Hhando, kaka mkubwa wa Basili, amefika kutoka Masieda akivuta kondoo. Hhando hana swali, ana majibu tu. Wazee wa ukoo wamekaa, amesema, na wameona kwamba Basili amepita juu ya mtu na mtu huyo anamdai. Kondoo atachinjwa ukingoni mwa shamba pamoja na mwenye kaburi. Watakula pamoja, watakunywa pamoja, na Basili ndiye atakayekula maini na figo kwa kuwa yeye ndiye mkosaji. Pombe nitapika mimi. Mtama nilikwisha kuuloweka tangu Jumatatu alipotuma salamu. Sipendi kuamriwa na Hhando, lakini kwa jambo hili ningepika hata mapipa.

Jumapili, 27 Juni

Imefanyika. Nimemwona Gidabuday kwa karibu. Ni mrefu, mkavu, anatembea kwa kuchagua pa kukanyaga. Shuka hakulitoa kichwani hata kidogo. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akajibu, "Marahaba," akatazama chungu. Alikula vizuri na kunywa vizuri. Basili alimaliza maini yote. Mimi mwenyewe niliyakata vipande na kuyasukuma mbele yake nikimwambia, "Kula, Baba Zita, yaishe." Nilipokuwa nikisema hivyo mzee aligeuka akanitazama, na mimi nikatazama chini.

Jumanne, 29 Juni

Amemshika tena. Kifundo cha mguu ule ule, na usiku vile vile, baada ya kulala. Sasa hata buti haliingii.

Nimetoka nje kumtafuta yule mzee kwa macho. Hayupo ukingoni. Siku zote yupo, na leo, siku ambayo mume wangu analia, hayupo. Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nikafikiri: amemaliza kazi yake, ameenda kupumzika. Namchukia. Nimeandika, na sifuti.

Jumanne, 6 Julai

Basili amepona tena, vile vile, kwa ghafla. Mzee amerudi ukingoni. Wanawake wa bwaloni hawatumii tena mwiko niliotumia mimi. Wananisalimia kwa adabu kubwa, kama mtu anayesafiri mbali.

Jumanne, 13 Julai

Nilikuwa namnyoa Basili nje. Ukingoni mwa sikio lake la kushoto kuna punje ngumu, nyeupe chini ya ngozi, ukubwa wa punje ya ngano. Nilijaribu kuitoa kwa ukucha nikidhani ni makapi ya shambani. Haitoki, iko ndani. Akasema ipo tangu mwaka juzi, na kwenye kiwiko iko nyingine kubwa zaidi. Mwaka juzi tulikuwa hatujaijua hata barabara ya kuja huku. Nikamwambia avae kofia.

Jumapili, 18 Julai

Hhando amerudi na kondoo dume, mkubwa, mweusi mtupu. Amesema yule wa kwanza alikuwa mdogo mno kwa mtu wa heshima kama marehemu. Nimepika pombe maradufu. Watu walikuwa wengi, na Gidabuday alikaa upande wa kulia wa Basili kama ndugu. Mara hii, maini, figo na supu ya kichwa vyote vilikuwa vya Basili. Alikuwa ameshiba, karibu atapike, na Hhando anamhimiza: "Maliza, mdogo wangu. Kikibaki kitu marehemu atakifuata."

Akamaliza. Jua lilipozama, upepo ulikoma kabisa na ngano yote ikasimama wima. Sijawahi kuiona imenyamaza.

Jumanne, 20 Julai

Goti.

Limekuwa kama kibuyu. Ana homa, meno yanagongana. Na kiwiko, ile punje kubwa, imepasuka yenyewe. Kilichotoka si usaha. Nimezoea usaha, nimelea watoto wa dada zangu. Hiki ni cheupe, kizito, hakina harufu, kama unga wa ngano uliokorogwa na maji kidogo. Nilikipangusa kwa kitambaa kikaacha chembe chembe kama chaki. Nikapangusa tena, kikaja kingine.

Kazi yangu ni kukanda unga. Nilikwenda bwaloni nikatumbukiza mikono kwenye unga wa chapati, nikashindwa. Nimeomba ruhusa nikasema naumwa tumbo.

Jumatano, 21 Julai

Wamekuja wote wawili asubuhi, Tadei na Hhando, kila mmoja na hukumu yake.

Tadei alitazama kiwiko muda mrefu. Anasema ule ni mfupa unaooza na kutoka, na goti nalo limeshaoza ndani. Wakimfikisha kwa watu wanaojua kukata, watakata juu ya goti. Alisema hivyo huku akinishika bega, maskini, na machozi yanamlengalenga.

Hhando anasema hakuna wa kukata. Ni unga wa yule aliyezikwa, ngano iliyoota juu yake sasa inaota ndani ya Basili. Mtu mwenye mkosi wa namna hii, kwetu, hutengwa. Watamjengea kibanda ng'ambo ya korongo kule Masieda. Hatachota maji na watu, hataomba moto, hatasalimiwa kwa mkono, mpaka wazee waseme imetosha. Na mimi na Zita tutatengwa kwetu, mbali naye.

"Mpaka lini, shemeji?"

"Kuna waliokaa mwaka, kuna waliokaa miwili. Tutachinja mwingine kwanza, Jumapili ijayo. Wa mwisho."

Basili alikuwa amegeukia ukutani. Nikaangalia mguu ule, wa kukatwa au wa kutengwa. Nina miaka kumi na miwili na mtu huyu. Hanuni, hapigi, akilewa anaimba nyimbo za kanisani. Nikasema sitaki kisu cha Tadei wala kibanda cha Hhando mpaka nione mtu mwingine amelitazama goti hili. Hhando akaniuliza nitaelewa nini mimi. Nikamwambia nitaelewa nikifika.

Ijumaa, 23 Julai, Haydom

Tulipanda lori la magunia lililokuwa linapitia huku. Basili alilala juu ya ngano, goti limeinuliwa kwa magunia matupu, na kila shimo la barabara nililihesabu kwenye uso wake. Tulipopita ukingoni, yule mzee hakuwepo tena. Niliangalia mpaka nikahakikisha.

Hospitali imejaa watu walioshuka mabasi, wenye mablanketi na masufuria. Daktari anaitwa Reginald, mtu wa Moshi, kijana kuliko nilivyotaka. Hakuanza na goti. Alianza kwa kuuliza, na maswali yake yalinitia baridi kwa sababu alikuwa kama aliyekaa nasi nyumbani.

"Lilianza ghafla, usiku?"

"Ndiyo."

"Dole gumba la mguu lilitangulia?"

"Ndiyo."

"Shuka likimgusa analia. Halafu baada ya wiki hivi anapona kabisa, kama hakuwahi kuumwa, na ngozi inabanduka."

Nikamuuliza nani amemwambia. Akasema amemwambia dole. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea: akaacha goti, akamvua Basili kofia, akampapasa masikio. Alipoigusa ile punje aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuta ufunguo mahali alipouacha.

"Nadhani naujua ugonjwa huu," akasema. "Lakini kudhani hakutoshi. Goti la moto lenye homa linaweza kuwa na vijidudu, na nikikosea hapo, mguu utaharibika wakati mimi najisifu. Lazima nitoe maji ya ndani niyaone."

Basili aliniuma mkono sindano ilipoingia. Maji yaliyotoka yalikuwa ya manjano, yamechafuka kama maji ya kuoshea mchele. Daktari akachukua pia ule unga mweupe wa kiwikoni kidogo. Akataka kwenda maabara peke yake. Nikasema, "Daktari, goti hili nimelibeba kwa lori. Nataka kuona kilichomo." Akanitazama, akacheka, akasema twende.

Kwanza walipaka maji yale rangi wakatafuta vijidudu. Hawakuviona hata kimoja, ingawa alisema watayaotesha ili wahakikishe. Kisha akatoa mfukoni vipande viwili vya kioo cheusi, vya miwani ya jua iliyovunjika. Kimoja akakiweka kwenye darubini, chini ya tone la maji ya goti, kingine akakishika juu. Aliniambia niinamishe jicho. Niliona mwanga wa kawaida na ukungu tu. Kisha akazungusha kile kipande cha juu, taratibu, na mwanga ukafa. Giza.

Ndani ya giza lile kukabaki sindano. Nyembamba, ndefu, zimechongoka pande zote mbili, zinawaka zenyewe. Nyingi hata sikujua nianzie wapi. Zimelala kila upande kama mabua baada ya kombaini kupita, shamba zima, ndani ya tone moja la goti la mume wangu. Niliinua kichwa haraka. Nilitaka kujua kama ningali chumbani.

"Umeziona?"

"Nimeziona. Ni za nani?"

Hakuelewa swali langu. Akasema zinaitwa fuwele. Ni taka ya mwilini ambayo figo za Basili hazifaulu kuitoa yote kwenye mkojo, basi inajaa kwenye damu mpaka inaganda, kama chumvi inavyoganda pembeni mwa sufuria. Inapenda mahali penye baridi, dole, sikio. Mwili ukiziona sindano zile unazipiga vita, na hiyo vita ndiyo moto anaousikia. Ule unga wa kiwikoni akauweka chini ya darubini: sindano zile zile, zimebanana. Si mfupa. Ugonjwa unaitwa jongo. Nikamuuliza kwa nini hakupima damu tu. Akasema damu hudanganya, siku mguu unapowaka taka ile inaweza kusomeka ya kawaida. Na kuna ndugu wa ugonjwa huu, anayependa magoti ya wazee, ambaye fuwele zake ni fupi na butu kama vipande vya tofali, wala haziwaki hivi. Bila kutazama, huwezi kuwatenganisha kwa hakika.

"Mguu hautakatwa?"

"Kwa nini ukatwe?"

Nililia pale pale. Akasubiri, akanawa mikono, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Siku moja au mbili kabla ya kushikwa, alikula nini?"

Nikafungua mdomo. Figo, siku ya mavuno, na pombe. Kondoo wa kwanza: maini, figo, pombe. Kondoo dume mweusi: maini, figo, supu, pombe maradufu. Nilikuwa nayasema na huku nayasikia. Daktari alikuwa ameacha kunawa.

"Nani alimwambia ale vyote hivyo?"

"Sisi," nikasema. "Tulikuwa tunamponya."

Jumapili, 25 Julai, Haydom

Nilikwenda misa lakini sikusikia kitu. Kila tulipomwomba marehemu msamaha tulimpa Basili sindano, na kila alipolia tuliongeza mnyama. Pombe ile niliikoroga mimi, nikaionja kama imekolea.

Daktari anasema nisijilaumu, wengi wanakula hivyo wala hawaumwi, mwili wa Basili ndivyo ulivyo. Nikamuuliza kuhusu kaburi. "Kaburi silijui," akasema. "Nalijua goti." Nimempenda kwa jibu hilo.

Jumanne, 27 Julai

Maji ya goti hayakuota kitu. Vidonge vinamharisha, lakini goti linapungua. Leo amekanyaga chini.

Jumatano, 4 Agosti

Tumerudi nyumbani. Basili ameshuka lorini kwa miguu yake. Wanawake wa bwaloni walitoka wote kumtazama, wakarudi ndani.

Alhamisi, 5 Agosti

Hhando alifika na kondoo wa mwisho. Nilimweleza yote, kiti kimoja, chai mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho, ambayo kwa Hhando ni muujiza.

"Kwa hiyo wazee ni wajinga."

"Sikusema hivyo, shemeji. Nasema maini yarudi Masieda ukayale mwenyewe."

Basili akaangua kicheko. Hhando alijaribu kukasirika, uso ukamshinda. Kisha akauliza: "Na mara ya kwanza? Aliugua baada ya kulima pale. Kwa nini si kabla?" Basili akasema punje ilikuwapo kabla. Hhando akasema punje haina kelele. Ameondoka na kondoo wake.

Jumamosi, 7 Agosti

Tangu turudi yule mzee haonekani. Nilijiambia ni vizuri. Lakini masikio ya Basili hayanitoki akilini, na shuka lile la Gidabuday lisiloshuka kichwani, na ule mwendo wa kuchagua pa kukanyaga. Leo nimekwenda kwake na maandazi.

Boma lake liko nyuma ya miiba, mbali na ngano. Alikuwa amelala nje juu ya ngozi, shuka limeteleza. Mguu wake ulikuwa umevimba, mwekundu, unang'aa. Na masikio. Mungu wangu, masikio yake. Punje zimepangana ukingoni kama mahindi kwenye gunzi, na nyingine zimevimbisha vidole vya mikono. Nilisimama pale na maandazi yangu nikakosa adabu ya kumwamkia.

"Shikamoo, mzee," nikasema mwishowe.

"Marahaba. Wewe mke wa trekta."

"Ndiyo mimi. Mguu huu tangu lini?"

"Zamani. Lakini sasa mbaya. Nilikula kondoo, ukaniuma. Nilikula yule dume mweusi, ukaniuma sana. Baba amekasirika. Wamelima juu yake, na mimi nimekubali nyama."

Kumbe zile siku nilizomtafuta ukingoni nikamchukia kwa kutokuwepo, alikuwa amelala hapa akilia kama Basili. Wawili waliokula chungu kimoja, nilichokipika mimi, na kila mmoja akidhani anashikwa na mtu yule yule. Niliona aibu, nikakaa chini.

Nikamweleza taratibu. Sindano, figo, maini, pombe. Nikamwambia daktari atampokea, lori linakwenda Jumatatu, mguu utatulia. Nilipomaliza akageukia shambani.

"Siyo baba?"

"Siyo baba, mzee."

Nilitegemea afurahi. Uso wake uliporomoka kama wa mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Basi amekwenda wapi?" akasema. "Tuta hakuna. Miti hakuna. Ngano yote moja. Mimi nikitaka kujua alipo, naingia, natembea. Mguu ukiniuma sana, najua ni hapo, nakaa naye. Nikipona, nitajuaje?"

Maandazi yalipoa mkononi.

Jumapili, 8 Agosti

Nilimsimulia Basili usiku wote. Asubuhi hakwenda kanisani. Alichukua jembe, na mti wa mkwaju aliokuwa ameuweka kwa ajili ya mpini, akaniambia twende tukamchukue Gidabuday.

Shamba limekwisha kuvunwa, ni mabua tu, sawasawa kila upande. Basili aliyelilima na kulivuna alizungusha kichwa, akakiri hajui tuta lilikuwa wapi. Gidabuday alikuwa katikati yetu, mkono mmoja begani kwa Basili, mwingine kwenye fimbo. Shuka lilikuwa shingoni, masikio yake wazi kwenye jua. Tulitembea sana. Alikuwa anachechemea, analalamika, lakini anakwenda. Upepo ulikuwa umeanza kunong'ona kwenye mabua.

Kisha akaanguka. Alipiga yowe lile lile nililolisikia kwa Basili mwezi Juni, nikafikiri mbwa kagongwa, na machozi yakamtoka. Mguu mgonjwa unaweza kuuma popote, najua. Nimeziona sindano kwa jicho langu mwenyewe, na hakuna wa kunidanganya. Lakini nilipiga magoti nikaushika ule mti uwe wima, na Basili akachimba.

Jembe halikwenda mbali. Liligonga mti. Basili alifukua kwa mikono, na chini ya udongo kulikuwa na kisiki cha nguzo ya zamani, kimekatwa na plau, katika uwanda ambao hakuna mti uliowahi kuota. Tuliusimika mti wetu kando yake, tukaushindilia kwa miguu, na Basili akasema mwaka ujao ataupindisha mstari hata wakimfukuza.

Gidabuday aliushika ule mti, akajivuta, akasimama kwa mguu mmoja.

"Sasa," akasema, "nipelekeni hospitali."